Karavani ya Bonga na Mgeni wa Bima

Bonga, Babati
16 Februari 2025

Dada Benadetha,

Shikamoo. Kabla hujavaa miwani vizuri, jua kwamba unasoma barua ya mtu mwenye bahati kuliko wote katika kata hii ya Bonga, na hata ukiongeza Mutuka sidhani kama jibu litabadilika. Jumanne iliyopita upepo ulishuka kutoka upande wa mlima Kwaraa pamoja na mvua ya mawe, umeezua mapaa, umelaza mahindi ya watu, na umevunja karavani yangu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Rudia hapo mwisho. Umevunja karavani yangu, nami usiku uliofuata nililala kama mtoto aliyeshiba. Kwa sababu, dada, kati ya wote waliopigwa na upepo ule, mimi peke yangu nilipigwa nikiwa na bima. Na si bima ndogo. Bima kubwa. Wenzangu wanaokota mabati kwenye mbaazi za majirani, mimi nimekaa kwenye kigoda nasubiri kampuni iniletee mpya. Mungu akitaka kumtajirisha mtu wa kidato cha pili, humpiga pale palipokatiwa bima.

Sasa salamu, maana nimeanza na mkia. Wifi yako Evelyne anakusalimu sana. Amenenepa kidogo, ila usimwambie habari hiyo umeipata kwangu. Clara yuko chuoni Singida, anasomea ualimu kama ulivyomshauri, na anatupenda zaidi kila inapofika mwisho wa mwezi. Ng'ombe amezaa dume tena. Ziwa limejaa, samaki wapo, viboko nao wapo.

Ulisema nisipige simu, niandike, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha mpaka salio linaisha na hujapata jibu. Haya, nimeandika. Jibu ni hili: mpango wetu uko palepale. Ukistaafu Juni unakuja nyumbani, unaingia kwenye karavani kama malkia wa nchi za baridi, unakaa humo mpaka tukujengee. Tofauti ni moja tu, kwamba badala ya kuingia kwenye karavani kuukuu niliyopewa na bosi wangu wa Arusha alipofunga kampuni ya utalii, utaingia kwenye mpya. Upepo umekufanyia hisani.

Msalimie shemeji Konstantini, ingawa sijui kama anastahili.

Mdogo wako mwenye nyota,
Amedeus


Makambako
12 Machi 2025

Mdogo wangu Amedeus,

Marahaba. Barua yako imefika na harufu ya dagaa. Nadhani basi lilipakia vitu viwili pamoja. Mimi mzima, goti linaniuma asubuhi, likipata joto linanyamaza. Wasichana wa bweni wako kwenye majaribio ya nusu muhula, kwa hiyo wiki hii kila mmoja anaumwa tumbo. Mwambie Evelyne kitenge alichotuma nimeshakishona na watu wamenisifu.

Amedeus, umeniandikia kurasa mbili za bahati. Nimezisoma, nimecheka pale pa kigoda. Halafu nikatafuta mstari mmoja unaosema ni nini hasa kilichovunjika, sikuuona. Nimekuwa matroni miaka yote hii. Msichana akija ananieleza kwa urefu jinsi alivyosaidia kuzima moto, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyeuwasha.

Nakueleza jambo langu wazi ili nawe unieleze lako. Konstantini, mdogo wa marehemu mume wangu, amenipa chumba nyuma ya duka lake. Ni mtu mwema, sitamsema. Lakini chumba chenyewe ili ukifikie lazima upite jikoni kwao, na funguo zote za nyumba ile anazishika mkewe, hata ya choo. Wajukuu watano, mama yao yuko Dar. Amesema, "Shemeji, utakuwa unawaangalia tu." Nimeshaangalia watoto wa watu mia mbili kwa wakati mmoja, najua maana ya "tu".

Ninachotaka uzeeni ni kidogo. Nataka mlango wa kwangu. Nikiufunga umefungwa, nikiufungua nimetaka mwenyewe. Hata uwe wa bati lenye magurudumu. Anataka jibu langu Pasaka. Nikikataa huku na huko kwako hakuna kitu, sitakuwa na pa kwenda, na sina umri wa kuanza kubembeleza.

Kwa hiyo niambie. Karavani imevunjika vipi, na hao wa bima wamesema nini kwa vinywa vyao.

Dada yako,
Benadetha


Bonga, Babati
2 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo tena. Nimechelewa kwa sababu barua yako ilikaa stendi siku kadhaa, kondakta alisema haoni mtu anayefanana na jina langu. Hapa wote wazima. Evelyne amefurahi kuhusu kitenge, sasa anataka picha yako ukiwa umekivaa.

Umeuliza ilivyovunjika. Basi nitakueleza kisomi. Paa limebanduka upande mmoja kama kopo la samaki lililofunguliwa na mtu mwenye njaa. Yenyewe ikajilaza ubavu. Ikiwa imelala ubavu ikateleza, ikapita uzio wangu bila kugonga hodi, ikaenda kupumzika katikati ya mbaazi za Mama Shadya. Dirisha la nyuma hatujaliona hadi leo. Godoro tulilikuta juu ya mpapai, limetandikwa vizuri kuliko nilivyokuwa nimelitandika mimi. Vijana ishirini wa bodaboda wameirudisha kwa kamba hadi uwanjani kwangu, na kila mmoja alikuwa anatoa amri.

Mama Shadya, ambaye unamkumbuka, yule mwenye duka la rangi na misumari, alitoka asubuhi akaikuta shambani. Aliniita kwa upole wake ule unaotisha. "Baba Clara," akasema, "huyu mgeni wako amekuja kulala kwangu bila taarifa." Nikamwambia amsamehe, ni Mzungu, hajui mila.

Kuhusu bima, wakala wetu ni Feisal, kijana wa pale karibu na stendi, mstaarabu, anavaa viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Ndiye aliyenishawishi kukata bima kubwa. Aliniambia, "Mzee Amedeus, mtu kama wewe huwezi kuwa na bima ndogo." Nikaona kweli, ameniona. Nikakata.

Feisal akataka picha za uharibifu. Nikampelekea kumi na moja. Akanipigia simu, anajikohoza. "Mzee, picha nzuri, lakini katika zote umesimama wewe mbele." Nikaziangalia. Ni kweli, dada. Evelyne ndiye aliyepiga, na mimi nikiona kamera mwili unajipanga wenyewe. Niko na kofia ya safari, nimeinua kidole gumba, natabasamu. Nyuma ya bega langu kuna kipande cha kitu cheupe ambacho kinaweza kuwa karavani au kinaweza kuwa wingu. Feisal akasema kampuni imeuliza kama huyu mwenye furaha ndiye aliyepata hasara.

Lakini usiwe na wasiwasi. Picha hazina kazi tena, kwa sababu kampuni inamtuma mtathmini wao kutoka Arusha, aje aone kwa macho. Anakuja baada tu ya Pasaka. Akiona, atalia. Mwambie Konstantini asubiri.

Wako asiyetikisika,
Amedeus


Makambako
17 Aprili 2025, Alhamisi Kuu

Amedeus,

Marahaba, na Pasaka njema kwenu. Naandika haraka, dereva wa lori anapita Dodoma na amekubali kubeba.

Sikiliza neno moja. Msiguse kitu. Dirisha likipatikana liacheni huko huko lilikopatikana. Paa liachwe limebanduka. Usifagie, usipange, na huyo Evelyne mwambie asitandike. Mtu anakuja kuona ubaya, aukute ubaya.

Na wewe uongee kidogo.

Konstantini amesema atasubiri, hana haraka. Wengine wote wazima.

Benadetha


Bonga, Babati
4 Mei 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Alhamisi Kuu imenifikia juzi. Lile lori liliharibikia Manyoni, sijui lilifuata nini Manyoni. Nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia. Ni barua nzuri sana. Ingefika wiki mbili mapema ingekuwa nzuri zaidi.

Sisi wazima. Clara amekuja likizo amerudi. Mbaazi zimetoa maua.

Mtathmini amekuja na ameondoka na furaha. Hiyo ndiyo habari. Ngoja nikusimulie, maana siku ile Bonga ilipendeza.

Nilimwambia mwenyekiti wetu wa mtaa, Anselmi, kwamba kuna mgeni anatoka Arusha kuja kukagua karavani. Nilimwambia ili ajue tu, kwa heshima. Wewe umeondoka siku nyingi, lakini unatujua. Mkaguzi akija shule, watoto wanavaa viatu. Mkubwa akipita barabarani, hata mawe yanapakwa chokaa. Jioni ile Anselmi akaja na jumuiya yote nyuma yake, wana nyundo, ngazi na ndoo.

"Baba Clara," akasema, "mgeni atoke Arusha afike akute uozo huu? Atasema Bonga hakuna watu?"

Nikawaambia, jamani, iacheni, ni mambo ya bima, inatakiwa ionekane imeumia.

"Imeumia, tumeiona," akasema Mama Shadya. Naye alikuja, na debe la rangi ya bluu begani. "Umelaza mbaazi zangu, sikukudai kitu. Sasa niache nikusaidie usiaibike mbele ya watu."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Na Nickson, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshapanda juu. Alikuwa amefunga karakana yake mapema kwa ajili yangu. Basi nikasema kidogo tu, wanyooshe ule ubavu. Wakanyoosha ubavu. Wakiwa wameshanyoosha, wakaona ni vibaya kuacha paa wazi. Paa likigongwa bati, bati halifanani na ubavu, ikabidi ipakwe rangi. Mwanzoni niliwakataza. Halafu nikawa nashika ngazi. Mwisho, dada, nilikuwa nachagua pazia.

Kesho yake mtathmini akashuka, kijana anaitwa Heriel, mpole, ana kamera shingoni. Akakuta karavani ya bluu, imezungushiwa mawe meupe, ndani Evelyne ameweka maua ya plastiki, nje kina mama wamekaa kwenye mikeka wanamsubiri. Akasalimia wote kwa zamu. Halafu akanivuta pembeni.

"Mzee, ile iliyoharibika iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Anselmi akadakia. "Ni hiyo hiyo. Umeionaje?"

Kijana akaizunguka. Akagongagonga. "Nzuri," akasema.

Wakapiga makofi.

Akaniuliza, "Inavutika?" Na hapa ndipo ulimi wangu ulipotoka peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Nikamwambia, "Kijana, hii ukiifunga nyuma ya gari leo, kesho unakunywa chai Nairobi." Akaandika. Akauliza kama maji yanaingia. Nickson amesimama hapo, jasho bado halijamkauka, ananitazama. Ningesemaje? Nikasema, "Hata tone." Akaandika na hiyo.

Alikula kuku akaongezwa. Wakati wa kuondoka wakampakilia maparachichi. Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema kazi hii anaifanya muda mrefu, hajawahi kupokelewa namna hii. Kwa hiyo unaona mwenyewe, mambo yanaenda vizuri.

Mpangie Konstantini maneno mazuri ya kumkatalia.

Amedeus


Makambako
20 Mei 2025

Amedeus,

Marahaba. Natumaini mu wazima. Mimi nimepata mafua, nimepona. Chakula cha huku kimepanda bei, na wasichana wa kidato cha nne wameanza kusali kwa bidii, kwa hiyo mitihani iko karibu.

Barua yako niliisoma nikiwa naivisha maharage. Nilizima jiko, nikakaa, nikasoma tena. Nilicheka peke yangu mpaka mpishi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nikimaliza kucheka, nabaki na hili. Mtu ametumwa kuja kuona kilichoharibika. Mmekitengeneza usiku kucha, mkampigia makofi aliposema ni kizuri, na wewe mwenye mali ukamhakikishia kinafika Nairobi. Mimi sikusomea bima. Lakini kama ningekuwa huyo Heriel, ningeandika nini kwenye karatasi yangu? Ningeandika nilichoona.

Simlaumu Mama Shadya. Wala hao wengine. Watu waliokuja na ngazi zao, ungewafukuza ungekuwa mtu gani.

Swali langu lina jibu la ndiyo au hapana. Je, watalipa?

Benadetha


Bonga, Babati
1 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, Evelyne anakusalimu, ng'ombe anakusalimu.

Swali lako la ndiyo na hapana ni la darasani, nami darasani sikukaa muda mrefu. Niliishia kidato cha pili, si kwa kukosa akili, ni kwa kuogopa cha tatu. Nitakujibu kama mtu mzima. Mambo ya bima yamekwisha. Yamekwisha vizuri kabisa. Feisal amenipigia simu mwenyewe kuniambia. Kwako kumekamilika, kuna mlango, una kitasa. Ukiuliza zaidi unakuwa kama polisi wa Kondoa, ambao waliwahi kunisimamisha kwa sababu nilikuwa naimba.

Kata tiketi. Panda basi la kuja Dodoma, hapo utaunganisha. Nitakupokea stendi na bajaji mbili, moja ya mizigo na moja ya heshima.

Mwenye bahati yake,
Amedeus


Makambako
10 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ya safari hii ni fupi. Wewe ukiandika fupi naogopa.

Nimeamua kukueleza jambo ambalo sikukueleza, kwa sababu nakudai ukweli na mimi mwenyewe nimekuficha. Konstantini sikumwambia asubiri. Nilimkatalia tangu Machi, siku ileile niliyokuandikia. Nilipanda kitandani nikakiona kile chumba na kile kishada cha funguo kiunoni mwa mke wake, nikaamka nikaenda kumwambia hapana, asante. Hakukasirika, ila chumba ameshampa kijana wa dukani. Nyumba yangu ya kazi nayo nimeikabidhi, matroni mpya ameingia wiki iliyopita na watoto wake. Ninalala kwenye chumba cha wagonjwa cha bweni. Usiku akija msichana anaumwa kweli nahamia kwenye benchi.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uniite kwa kupenda, usiniite kwa kunionea huruma. Na ni kweli kwamba nilikuwa najivuna. Ukoo wetu unajua kujivuna, sema mimi najivunia kimya.

Tiketi nimekata. Ni ya tarehe ishirini na saba. Nikijua sasa kwamba hakuna kitu, naweza kurudi kwa Konstantini na kuomba hata stoo. Itaniuma, lakini nitajua ninaomba nini. Nikijua nikiwa nimeshuka stendi ya Babati na masanduku yangu, hiyo itaniuma kwa namna nyingine, na itakuwa imetoka kwako.

Usinichekeshe. Niandikie.

Dada yako,
Benadetha


Bonga, Babati
17 Juni 2025

Dada Benadetha,

Shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na vichekesho, Evelyne akaisoma akaiwekea chungu cha maharage juu. Ya pili ilikuwa na vichekesho vichache. Hii sijui, utaona.

Sikujua unalala kwenye chumba cha wagonjwa. Tangu barua ifike natembea pale nje, nakwenda narudi, naongea na kuku. Ulikuwa unahamia benchi mimi huku nakuandikia habari za malkia.

Usiende kuomba stoo kwa mtu. Hilo ndilo la kwanza. Chumba kipo. Kina mlango wa nje, wa peke yake, hupiti jikoni kwa mtu yeyote. Sasa nikueleze ni chumba gani, maana nilisema "kwako kumekamilika" na nikanyamaza kwa makusudi.

Mvua ya kwanza ya Mei ilipopiga, bati la Nickson lilinyanyuka kwa adabu, likaingiza maji yote. Zile rangi za Mama Shadya zikashuka ukutani kama machozi ya mtu aliyejipamba. Niliweka ndoo, nikaweka sufuria, nikaweka na lile beseni la kuogea. Evelyne akaniambia, "Baba Clara, humu hawezi kulala dada yako, hata samaki angelalamika." Nikasema yatakauka. Akasema, "Yakikauka ndiyo utaona yalivyooza." Aliona sawa.

Tukakaa tukazungumza, yeye na mimi, bila majigambo, jambo ambalo kwenye ndoa yetu hutokea kama kupatwa kwa jua. Ni yeye aliyesema. Alisema chumba chetu cha kulala kiko upande wa barabara ya Dodoma, ukuta wake wa nje hauna kitu, ukitobolewa unapata mlango, na ukizibwa ule wa ndani unapata nyumba. Mimi nilijifanya nafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakiaga kitanda kile, kwa sababu nimekizoea. Lakini sikumpinga.

Nikamweleza Anselmi. Safari hii nilimwambia mapema kwamba hakuna mgeni wa Arusha, anakuja dada yangu kukaa. Wamekuja walewale, na ngazi zilezile. Nickson alikuwa na aibu, hakutaka hata chai. Alitoboa ukuta kutwa nzima, halafu akaniuliza mlango uko wapi. Mlango sikuwa nao. Akaenda kwenye karavani, akaung'oa mlango wake, ambao ndio kitu pekee upepo ulichokiacha kizima, akauchomelea fremu, akaufunga ukutani. Unafunga vizuri sana. Ila ni mfupi, Wazungu sijui waliukata wakifikiria nani. Itabidi uiname ukiingia. Mama Shadya ameupaka rangi, bluu, nimeshindwa kumzuia. Ufunguo mmoja, hakuna wa akiba. Utaukuta kwa Evelyne, atakupa ukishuka kwenye bajaji.

Sisi tumehamia sebuleni. Kochi linafunguka, na Evelyne anasema tangu tuhamie sikoromi, nadhani naogopa wageni. Usianze kubisha kwenye barua, hakuna muda wa barua kufika na kurudi, na ukuta umeshatobolewa. Karavani yenyewe imekaa pale bila mlango, wamo kuku wa Evelyne. Ndio kuku pekee wa mkoa huu wenye sinki.

Sasa ulichoniuliza.

Feisal alinipigia simu katikati ya Mei. Kweli alinipigia, hilo sikudanganya. Alisema taarifa ya Heriel imefika makao makuu, imeandikwa karavani iko katika hali nzuri, inavutika, haivuji, kwa kauli ya mwenye mali. Nikamwambia lakini ilivunjika, watu wote wa mtaa ni mashahidi. Akasema, "Mzee, hao ndio waliopiga makofi." Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaomba kwa niaba yangu mtathmini wa pili. Walikataa. Walisema tumetengeneza bila kuwauliza, hawana tena cha kuona. Kijana Heriel simlaumu. Aliandika nilichomwambia, na nilimwambia mimi, kwa sauti kubwa, nimeshika kiuno.

Ungeniuliza kwa simu ningekuchekesha ukasahau. Kwa barua umenibana.

Njoo tarehe ishirini na saba. Nitakuwa stendi mapema. Sina bajaji mbili, nina moja, ya kuazima. Mizigo itakaa mbele na dereva.

Na ile bahati niliyokuandikia mwezi wa pili, dada, haikuwepo. Bima haijalipa na haitalipa.

Amedeus